Radhi ya Bi Shumbana

Bi Kazija hakupiga hodi. Aliingia na ndoo ya plastiki mkononi, kanga imelowa mpaka magotini, akaitua ndoo juu ya karatasi zangu za baraza ya kesho. Maji yakamwagika mezani.

"Huyu hapa," akasema. "Nimemtoa chini ya mti wa mkandaa wa tatu, pale pale alipokuwa akipenda kukaa mama yako. Haya, kiwashe kinu chako."

Nikachungulia ndani ya ndoo. Chaza mmoja tu, mkubwa, ganda limeota ukoga mweusi.

"Bi Kazija, leo sisikilizi mtu. Kesho baraza, na bado sijamaliza hesabu za maji."

"Baraza naijua, mwanangu. Ndiyo maana nimekuja leo." Akavuta kigoda, akakaa bila kukaribishwa. Alikuwa shoga wa mama kwa miaka hamsini, na nyumba yangu aliihesabu yake. "Mama yako alikuwia radhi, Mize. Alisema mbele yangu, tumeinama tunaokota, tarehe tatu ya Mfunguo Tano. Siku kumi na moja kabla hajafa."

Nilikuwa nimeshika kitambaa cha kufutia maji. Nikabaki nimekishika vile vile, kinachuruzika.

"Alisemaje?"

"Alivyosema sikwambii. Radhi hupokelewa kwa mwenyewe. Msikilize."

Ngoja niseme kidogo, maana asiyetujua atadhani tumerukwa na akili. Chaza wetu wa Ghuba ya Mtangani si wa Mungu peke yake, mkono wa binadamu umo. Wataalamu waliwapanda miaka arobaini na miwili iliyopita, baada ya bahari kuvimeza visiwa vya nje, ili wawaandikie habari za maji. Kila maji yakijaa na kutoka, chaza huongeza tabaka moja kwenye ganda, jembamba kuliko ngozi ya kitunguu, na ndani ya tabaka hilo hubaki chumvi ya siku ile, joto lake, uchachu wake, na mitikisiko yote iliyopita karibu. Mitikisiko ilikusudiwa kupima mawimbi na matetemeko. Hakuna aliyekumbuka kwamba pale Chazani, walipopandwa, maji yakitoka hushuka kina mama mia mbili na mapakacha yao, na midomo yao haifungwi.

Mwalimu wangu wa kwanza alikuwa anasaga ganda polepole, anatafuta tetemeko, kinu kikatoa sauti ya mwanamke: "Hebu nipishe, unanikanyaga, kipofu we!" Yule mama alikuwa kaburini mwaka wa sita. Mwalimu alikimbia nje bila viatu.

Tangu hapo mambo hayakuwa yale tena. Mtu akifa, siku ya arobaini, hitima ikishasomwa, watu wake huja kwangu na chaza mmoja kutoka mahali marehemu alipozoea kuokota au kuvua. Twaita sikizo. Masheikh waligombana miaka miwili, mwisho wakaturuhusu kwa sharti: isikilizwe mara moja, isihifadhiwe popote, maiti asije akafanywa redio. Nami ndiye msomaji. Kinu changu kikisaga polepole, hutoa sauti, na tabaka moja huchukua saa nzima. Kikisaga mbio, hupima maji tu, sauti yote ikaishia kwenye vumbi. Na chaza akishatoka majini ganda lake halikai, kufika jioni limeshapasukapasuka. Kwa hiyo humtaka mfiwa anitajie siku. Nahesabu tabaka kurudi nyuma, nasaga mbio mpaka karibu na siku hiyo, halafu nasikiliza.

Mie na mama hatukuwa na sikizo. Arobaini yake ilipita nikiwa nimejifungia humu ndani. Miaka mitatu kabla, serikali ilipoleta kwa mara ya kwanza habari ya kukata mlango mpya wa ghuba, nilisimama barazani nikasoma tarakimu zangu: mlango wa zamani umezibwa na mchanga, maji hayatembei, yataoza. Mama, Bi Shumbana, alikuwa mkuu wa kina mama wa Chazani, na mlango mpya ungepita katikati ya Chazani. Akanyanyuka mbele ya watu wote, akafungua kanga kifuani kidogo, akashika ziwa lake la kushoto. "Hili ulinyonya," akasema. "Radhi yake huna." Kisha akatoka. Hatukusemeshana tena. Alipougua waliniita nimechelewa, ulimi wake ulikuwa umeshafungwa, akanitazama nusu saa nzima na sijui alikuwa ananitazama kwa jicho gani.

Basi Bi Kazija ananiambia radhi imo ndani ya ndoo!

Nikamtoa chaza, nikampangusa, nikambana kwenye kinu. Msumari wa kushikia ukanianguka mara mbili.

"Usiniharakishie," Bi Kazija akasema, ingawa mie ndiye niliyekuwa mbioni.

Kuna swali ninalomuuliza kila mfiwa kabla sijagusa swichi: hiyo tarehe ni ya mwezi upi? Maana Mtangani tuna miezi miwili. Wako wa mwezi wa mtambo, wanaofunga na kufungua kwa hesabu inayoletwa na setilaiti, na hao ni wa Ng'ambo karibu wote, waliohamia kutoka visiwa vilivyozama. Na wako wa mwezi wa macho, watu wa mji wa zamani, ambao mwezi usipoonekana kwa jicho hapa petu hakuna Idi hata dunia nzima iwe inakula biriani. Wa macho huwa nyuma kwa siku moja, mwezi hata mwezi. Kinu changu huhesabu kwa mtambo. Nimewahi kuwagombeza watu wazima kwa sababu ya siku hiyo moja.

Bi Kazija sikumuuliza. Nilijua, ati! Mwaka ule alikuwa amehamia Ng'ambo kwa binti yake, amsaidie kulea, na Idi ya Ng'ambo nilimwona kwa macho yangu amekaa mkekani na wajukuu, anakula mkate wa sinia. Nikasema huyu keshaingia kwenye mtambo. Tarehe tatu, basi, ni tatu ya kinu. Na mfiwa mwingine yeyote ningemwachia tabaka nne za akiba, nianze kusikiliza mapema, kwa tahadhari. Kwangu sikuacha hata moja. Nilitaka kufika. Mganga hajigangi.

Nikasaga mbio tabaka mia sita na zaidi. Vumbi jeupe likamiminika kwenye trei, na pembeni ile karatasi ya vipimo vya maji ikawa inajichapa yenyewe, siitazami. Kilipofika nilipotaka, nikakipunguza mwendo.

Mwanzo maji tu. Halafu miguu kwenye tope. Halafu mama.

"Kazija, hebu nivutie hilo pakacha, kiuno changu leo hakitaki."

Nilikuwa sijaisikia sauti ile, hata kwa mbali, karibu mwaka. Nilijishika mdomo. Ilikuwa na ule ukavu wake, ile pumzi ya kuguna kila akiinama, na nikajikuta nainuka kitini, mguu mmoja mbele, kwenda kumvutia pakacha mimi.

Wakaokota. Wakamsengenya mtu mmoja aliyefunga ndoa na sofa za kuazima. Mama akacheka mpaka akakohoa. Nikawa nangoja jina langu, nalingoja kwa mwili mzima.

"Leo tarehe ngapi?" mama akauliza kutoka kwenye kinu.

"Pili," Bi Kazija wa kwenye kinu akajibu.

"Pili ipi? Wewe si ulikula Idi na wenzio wa Ng'ambo?"

"Nilikula mkate wao, shoga. Mwezi wao sikuula. Siku yangu nikailipa baadaye, kimya kimya."

Wakacheka wote wawili. Humu ndani hakucheka mtu. Niligeuka nikamtazama Bi Kazija, naye alikuwa ameinamisha kichwa, vidole vimekamata ncha ya kanga.

"Tarehe tatu uliyoniambia," nikasema, "ni ya macho."

"Mie lini nimefuata mtambo, Mize? Lini?"

Tatu yake ni nne ya kinu, siku ya mbele. Tarehe tatu ya macho nilikuwa nimeshaisaga mbio, zamani, pamoja na hizo nyingine mia sita. Nilitazama trei. Vumbi lilikuwa laini, limejaa pomoni, na sikuweza kujua ni lipi katika lile lote lililokuwa mama yangu. Nikalitia mikono. Nalia na nalichambua, mtu mzima wa miaka arobaini na tisa, na Bi Kazija ananishika mabega ananiambia basi mwanangu, basi, maji yakimwagika hayazoleki. Nikamwambia anitoke.

Hakunitoka. Alinikalisha, akanichemshia chai kwenye jiko langu mwenyewe.

"Niambie wewe basi alivyosema," nikamwomba. "Neno kwa neno."

"Alikuwia radhi. Nimeshakwambia."

"Neno kwa neno, Bi Kazija!"

Akayakwepesha macho, akakoroga chai isiyo na sukari. "Chini ya ule mkandaa wamo wengine, wanne au watano. Walikuwepo siku ile, wote wamesikia. Leo bamvua linaisha, kesho maji hayatoki ya kutosha tena. Ngoja bamvua lijalo, siku kumi tu. Nitakutolea mwenyewe kwa mikono yangu." Akainuka, akachukua ndoo yake. Mlangoni akasimama kama mwenye la kusema, kisha akaenda.

Siku kumi. Nikashika ile karatasi iliyokuwa inajichapa, niifute vumbi tu, na macho yakasoma kwa mazoea ya kazi.

Ganda lile lilikuwa limeniambia jambo ambalo sikuliuliza. Tabaka za mwezi huu zilikuwa nyembamba nusu ya za mwaka jana, na uchachu umepanda kuliko wakati wowote katika miaka arobaini na miwili. Tope la chini ya ghuba lilikuwa limeanza kutoa ile pumzi yake. Kwetu kila mtu anaijua: inanuka yai viza, ni nzito kuliko hewa, inatambaa juu ya maji yasiyotembea na kuingia nyumba za chini za Ng'ambo watu wamelala. Kaskazi iliyopita iliua kumi na mmoja, saba watoto. Nikachora mstari kutoka nukta hadi nukta, nikauendeleza mbele. Mstari ulikata kiwango cha hatari siku kumi na saba toka siku ile.

Fuko, mtambo wa kuchimba, ulikuwa umeshaletwa, umetia nanga nje ya ukingo wa mchanga. Hufanya kazi maji mafu tu, mikondo ikiwa imetulia, na kazi yote ni siku sita. Baraza ikikubali kesho, mlango ungefunguka kabla ya bamvua lijalo, na Chazani ingekuwa imechimbwa. Ikiahirishwa, Fuko ungengoja maji mafu mengine, siku kumi na tano zaidi, na mlango ungefunguka wakati pumzi ya tope imeshaingia vyumbani. Pengine pangekatwa mahali pengine? Hakuna. Kwengine kote ni mwamba, mwaka na nusu wa kukata.

Na kanuni ya baraza ilikuwa wazi, mie mwenyewe nilisaidia kuiandika: msomaji akisema vipimo havijabainika, shauri linaahirishwa hadi maji mafu yajayo. Neno moja tu. Havijabainika. Hakuna mwingine Mtangani mwenye kinu, nani angenibisha? Nikaikunja karatasi ndogo ndogo, nikaitia ndani ya kifuko cha gauni. Nilisema moyoni siku kumi na saba ni makisio tu, mstari huweza kupinda, nimewahi kuona ukipinda. Wallahi nilijisemea hivyo mpaka nikaanza kuamini.

*

Baraza ilikaa saa tatu asubuhi kwenye banda la soko la samaki, maana ndilo paa kubwa tulilobaki nalo. Mji wa zamani walikaa upande mmoja, Ng'ambo upande mwingine. Katikati meza ya Sheha Pandu na kipaza sauti chake kinachokoroma.

"Tuzungumze kistaarabu," Sheha akasema. "Atakayetukana namtoa."

Wa kwanza kusimama alikuwa Mwatima, mjane, mumewe alizama miaka tisa iliyopita na mwili haukuonekana. "Mie sina kaburi la kuzuru," akasema. "Nina Chazani. Mume wangu alikuwa akinipokea pale na mashua yake kila jioni, akiniimbia upuuzi wake. Sijamsikiliza bado. Najiwekea. Mnataka nifiwe naye mara mbili?" Upande wake wakaitikia kwa nguvu. Akaongeza, "Hao wa Ng'ambo wahamishiwe juu mlimani, ghuba iachwe!"

"Mlimani wapi?" mtu akapaza sauti. "Kwa shamba la nani?"

Kelele zikapanda. Sheha akagonga meza na kikombe. Kisha akasimama Machano, fundi wa nguzo za nyumba za Ng'ambo, mtu mpole wa kuudhi, na watu wakanyamaza kwa sababu walimjua. Kaskazi iliyopita aliamka peke yake katika chumba cha watu wanne.

"Mie sikuja kubishana na Bi Mwatima," akasema. "Namwonea wivu tu. Mke wangu alikuwa mgeni hapa, Chazani hakuwahi kushuka. Mwanangu mkubwa alikuwa na miaka mitatu. Mdogo miezi minane, hajui kusema. Hakuna chaza hata mmoja aliyewasikia. Mkinichimbia ghuba nzima mkaisaga, hamnipatii hata kikohozi chao." Akafikicha jicho. "Wapo watoto wengine wamelala kule. Ni hilo tu."

Akakaa. Mwatima alikuwa ameuziba uso kwa kanga.

"Bi Mize," Sheha akasema. "Njoo. Karatasi yako ndiyo itakayotuamulia."

Nikaenda mezani. Nikaingiza mkono ndani ya kifuko, nikaishika ile karatasi iliyokunjwa, na kwanza sikuitoa. Neno lilikuwa mdomoni. Havijabainika. Bi Kazija alikaa safu ya mbele, upande wa mji wa zamani, na mapajani kwake amempakata mjukuu wake Salha aliyekuja naye kutoka Ng'ambo, msichana wa miaka mitano anayelamba ukwaju. Bi Kazija alikuwa ananitazama. Akafungua kinywa, nikadhani anataka kusema, kisha akakifumba akamvuta mtoto karibu.

Nilimtazama mtoto yule anavyolamba vidole. Nilichukia kwamba yupo. Nasema kweli, nilichukia, ningependa asingekuja. Kisha nikaitoa karatasi nikaikunjua, na katika mikunjo yake bado mlikuwa na vumbi.

"Vimebainika," nikasema. Nikakivuta kipaza sauti, nikarudia. "Vimebainika. Pumzi ya tope imeshaanza chini. Nimepima jana, kwenye ganda la Chazani. Tuna siku kumi na saba, pengine chini yake. Mlango ukatwe, na ukatwe maji mafu haya. Na Chazani wenyewe msijidanganye, chaza wanakufa. Tabaka zao za sasa ni nusu. Tusipokata, miaka miwili hawapo, na sauti zimekwenda pamoja nao."

Halafu Mwatima akainuka.

"Ganda la nani ulilopima jana?" akauliza. "Nilimwona Bi Kazija akipita na ndoo. La mama yako! Wako ushamsikia, umeshiba, sasa wetu wakatwe!"

"Sikumsikia," nikasema.

"Muongo!"

"Sikumsikia, Mwatima. Nilikosea mwezi."

Mji mzima unajua maana ya kukosea mwezi kwenye kinu. Mwatima alibaki amesimama, mkono hewani, hajui aupeleke wapi. Mtu wa nyuma akasema toba. Wakapiga kura kwa kuinua mikono, na mikono ya Ng'ambo ikainuka yote, na ya mji wa zamani ikainuka mmoja mmoja, kwa uzito, wengine wanalia huku wameinua. Ya Mwatima haikuinuka na simlaumu.

*

Fuko uliingia Chazani siku ya tatu yake, mchana kweupe. Ni mtambo usio na dereva, mrefu kama jahazi lisilo na mlingoti, unakwenda taratibu na kutema mchanga nyuma yake. Watu waliruhusiwa kutoa walichoweza kabla, lakini maji yalikuwa juu, na waliopiga mbizi walitoka na chaza wa pembeni tu. Nikasikilizisha watu usiku na mchana siku zile tatu, ganda juu ya ganda. Wengine walipata salamu, wengine walipata mtu anayehesabu samaki. Mwatima hakuja.

Mkandaa wa tatu uling'oka siku ya nne. Nilikuwa nimekaa kwenye kibaraza cha nyumba ya mama, nimeacha kinu, nimechoka. Uliinama, ukatoka na mizizi yake yote, maji yakawa ya udongo. Bi Kazija alikuja akakaa pembeni yangu. Hakuleta kitu.

"Sitaki kufa na amana ya mtu," akasema. "Nikwambie alivyosema?"

"Ulisema radhi hupokelewa kwa mwenyewe."

"Mwenyewe hayupo tena, Mize. Unaona mwenyewe hayupo." Akajikohoza, akanyoosha mgongo, akavuta pumzi kwa kuguna kama alivyokuwa akifanya mama. Hakukusudia kumwigiza. Walikuwa wamekaa pamoja mno. "Alisema: Kazija, Mize nimemwia radhi. Maziwa aliyonyonya, nimemwia radhi. Kunivunjia heshima barazani, nimemwia radhi, ni mtoto, ana kichwa cha babake. Nimemwia radhi, lakini..." Akasita.

"Sema."

"Lakini chaza wangu wakichimbwa kwa ulimi wake, hilo sitamwia. Si duniani, si akhera."

Fuko ulikuwa umefika pale mkandaa ulipokuwa.

"Ulijua," nikasema. "Barazani ulijua, umekaa mbele yangu unanitazama. Mbona hukuniambia?"

"Nilikuletea chaza umsikie mwenyewe. Nilisema moyoni, Mize akisikia na bado akasimama kusema, basi ni lake na Mungu wake. Kinu kikaisaga kauli yake. Nikasema hii Mungu kaifuta, mie ni nani niirudishe?" Machozi yalikuwa yanamteremka, hayafuti. "Ningekwambia ungesimama ukasema kweli?"

Nilitaka kusema ndiyo. "Sijui," nikasema.

"Na mie sikutaka kujua. Salha analala kule." Akanishika mkono, nikauondoa. Akanishika tena. "Nichukie, una haki. Lakini ningefanya vile vile."

Sikumchukia. Sikuwa na nafasi ya hilo. Ndani yangu palikuwa na neno moja tu, sitamwia, sitamwia, na hakuna baraza duniani ya kupeleka rufaa. Nilikuwa nimeshafanya jambo la haki na nitakutana nalo kaburini. Watoto watalala na kuamka kule Ng'ambo kaskazi hii, nitawaona wakienda chuoni na juzuu zao, na kila mmoja wao atakuwa ni radhi ya mama niliyoikosa.

Tulikaa mpaka jua likahamia upande wa pili wa kibaraza. Maji ya bahari ya nje yalianza kuingia kidogo kidogo kwenye mfereji, rangi tofauti, buluu ndani ya kijani. Kule Ng'ambo walikuwa wanapiga vigelegele.

"Bi Kazija," nikasema. "Niambie tena."

"Yote?"

"Ya mwanzo tu."

Akajikohoza. "Kazija, Mize nimemwia radhi. Maziwa aliyonyonya, nimemwia radhi. Kunivunjia heshima barazani, nimemwia radhi, ni mtoto, ana kichwa cha babake. Nimemwia radhi..."

Akanyamaza hapo. Nikamwomba tena, akaniambia tena, akaishia pale pale.